Farasi 280 Wale Wale: Kutoka Impreza STI Hadi Forester XT

Kwenye karatasi, gari nililouza na gari nililonunua yana nguvu sawasawa. Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006, ile ambayo vijana wanaiita macho ya mwewe, inatajwa kuwa na farasi 280. Forester XT ya mwaka 2015 ninayoiendesha sasa nayo inatajwa kuwa na farasi 280. Zote mbili zina injini ya lita 2 yenye tabo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, na silinda nne zilizolazwa ubavu, mbili kushoto na mbili kulia. Zote zinavuta kwa magurudumu yote manne muda wote. Tangi la kila moja linabeba lita 60. Ukiishia kusoma karatasi utasema nimebadilisha bodi tu, nimeacha ya chini nikachukua ya juu.

Wanaoniuliza kuhusu mabadiliko haya wamegawanyika pande mbili, na pande zote mbili naona zinakosea. Wenzangu wa gereji, ambao nimekaa nao miaka mingi tukinywa chai huku boneti ziko wazi, wanasema nimestaafu. Ndugu na majirani wanasema hatimaye nimetulia. Sijastaafu, wala sikuwa na wazimu wa kutulizwa. Bado napenda kuendesha gari kuliko karibu kila kitu kingine ninachokifanya nikiwa peke yangu. Naandika kwa ajili ya wazazi wenye Altezza, Mark X, Crown Athlete na Impreza ambao sasa hivi wanajiuliza kama waache gari la kasi wachukue la familia, na ambao kila wakiuliza wanaambiwa wachukue tu gari la familia wasahau mengine. Huhitaji kusahau. Unahitaji kujua nguvu ya gari lako inatokea wapi na wewe unaishi wapi.

Tuanze na hiyo 280 yenyewe. Haijirudii kwa bahati tu. Kuanzia mwaka 1989 watengenezaji wa magari wa Japani walikubaliana wenyewe kwa wenyewe, bila sheria yoyote, kwamba hakuna gari la kuuzwa nchini mwao litakalotangazwa kuwa na zaidi ya farasi 280. Makubaliano hayo yalidumu mpaka mwaka 2004, Honda ilipotoa Legend yenye farasi 300. Ndiyo maana ukipekua magari ya Kijapani ya miaka ile unakutana na 280 kila kona: Skyline GT-R, Supra, Lancer Evolution, Impreza STI. Hata kwenye gari za juu ilikuwepo. Nissan X-Trail GT ya zamani ilikuwa 280, na hata makubaliano yalipokwisha, Toyota Vanguard ya V6 lita 3.5 nayo ilikuja na 280. Baadhi ya yale ya mbio yalikuwa na zaidi ya hapo kimya kimya. Kwa hiyo namba hiyo haikuambii kitu mpaka uulize swali la pili: nguvu hiyo inapatikana injini ikizunguka kwa kasi gani?

Hapo ndipo magari yangu mawili yanapoachana. STI inafikia farasi wake wote kwenye mizunguko 6,400 kwa dakika. Msukumo wake mkubwa kabisa, ile mafundi wanaita toki, ni Nyutoni mita 422, na unafika kwenye mizunguko 4,400. Forester XT ina toki ndogo zaidi, Nyutoni mita 350, lakini inafika yote kwenye mizunguko 2,000 na inakaa hapo hapo bila kupungua mpaka 5,600. Karibu kila kitu nilichokiona tangu nibadilishe gari kimejificha katikati ya namba hizo mbili, 4,400 na 2,000.

Niseme kwanza nilivyoipenda ile ya mwanzo, maana sitaki mtu adhani naiponda sasa kwa kuwa imeondoka. STI ya miaka ile ni gari lililotengenezwa na watu waliojua wanachokitaka. Gia sita za mkono, fupi, zinazoingia kwa mlio mdogo wa chuma unaousikia kwenye kiganja kabla ya masikio. Breki za Brembo zenye kalipa za rangi ya dhahabu. Karibu na gia kuna kigurudumu kidogo cha kuchagua jinsi nguvu inavyogawanywa kati ya mbele na nyuma, na ukikijua vizuri unaweza kulifanya gari lipinde kona ya mchanga kwa namna unayotaka wewe. Stelingi yake nzito inakuambia kila kokoto lililo chini ya tairi. Chini ya mizunguko 3,000 imetulia, unaweza kuidhani gari la mwalimu. Ukiipeleka juu ya 4,000, tabo inaamka, viti vinakukumbatia, na mshale unakimbilia 8,000 kwa namna ambayo bado naiota.

Watu wengi huuliza kuhusu mlio. Wanadhani kila STI inanguruma kwa ule mdundo wa Subaru za zamani. Toleo la Japani la miaka ile lilikuwa na tabo ya njia mbili na mabomba ya egzosi yaliyo na urefu unaolingana, kwa hiyo mdundo ule haukuwepo. Sauti yake ilikuwa safi na kali zaidi. Mimi niliipenda hivyo hivyo, na sikuwahi kubadilisha bomba ili watu wanisikie ninapopita.

Tena sisi wa Afrika Mashariki tuna haki yetu katika magari ya namna hii. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi ilishindaniwa kwa saluni za kawaida zilizoimarishwa. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404, gari ambalo misheni na wafanyabiashara wa mikoani walikuwa wakipandia watoto na magunia. Hakuna aliyeona ajabu gari la mbio kuwa gari la familia. Baadaye, mwaka 1997, dereva Colin McRae aliipa Impreza ushindi wake wa kwanza wa Safari, na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Vijana wa rika langu tulikua na picha za gari lile la bluu lenye rimu za dhahabu ukutani.

Na mwaka huo huo wa 1997, Subaru ilitoa Forester ya kwanza. Ilijengwa juu ya chesisi ya Impreza. Mwaka ule ule Forester ya tabo iliendeshwa saa 24 mfululizo kwenye uwanja wa mbio wa Indianapolis, Marekani, kwa wastani wa kilomita 180 kwa saa, ikaweka rekodi ya dunia ya magari ya aina yake. Mwaka 2004 wakatengeneza hata Forester STI, injini ya lita 2.5, farasi 265, gia sita za mkono, breki za Brembo, ikauzwa Japani peke yake. Kwa hiyo anayeniambia nimehama ukoo hajui ukoo wenyewe.

Sasa twende barabarani, maana huko ndiko uamuzi ulikofanyika.

Ninaishi Dar es Salaam, upande wa Morogoro Road. Asubuhi na jioni maisha yangu ni foleni. Hata baada ya njia nane za Kimara hadi Kibaha, kuna saa ambazo unasogea mita kumi, unasimama, unasogea tena, bodaboda kulia, daladala kushoto ikitafuta upenyo. Kwenye foleni ile STI haiamki kamwe. Tabo inayotaka mizunguko 4,400 haiwezi kufanya lolote mahali ambapo injini haipiti 2,000. Unabaki na klachi nzito, goti la kushoto linalouma, na mafuta yanayoteketea kana kwamba unashindana na mtu. Nje ya barabara kuu kuna matuta. Kila mtaa na matuta yake, mengine yamejengwa na wananchi wenyewe kwa udongo na mawe baada ya mtoto kugongwa, na siwalaumu. Nilikuwa nayapanda kimshazari, gurudumu moja moja, huku walio nyuma wakipiga honi.

Bado hilo ningelivumilia. Ninawajua watu wanaovumilia mambo magumu zaidi kwa ajili ya gari wanalolipenda. Kilichonisogeza ni Mama.

Mama ana magoti mabaya. Kila anapokuja mjini kwa ajili ya hospitali, mimi ndiye ninayempeleka. Kuingia kwenye STI kwake ilikuwa kazi ya hatua nne: anageuka kinyume, anashika nguzo ya mlango, anajiachia mpaka kwenye kiti, halafu mimi nainama kuingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Kutoka ilikuwa vigumu zaidi. Siku moja, akiwa bado ameshika mkono wangu na amefika nusu tu ya kusimama, akaniambia, "Baba, gari lako zuri, lakini ni kama kigoda cha mbuzi. Kukaa unakaa. Kuinuka ndiyo habari." Hakuwa analalamika. Mama halalamiki. Alikuwa anaeleza jambo jinsi lilivyo.

Kisha kuna viti vya watoto. Tuna wawili, na ninasisitiza kila mtoto akae kwenye kiti chake na afungwe mkanda, hata kama ni kwenda dukani. Hili sina mjadala nalo na mtu yeyote. Kuwafunga watoto wawili kwenye kiti cha nyuma cha saluni ya chini, mgongo umepinda, kichwa kimegusa paa, mvua inanyesha, ni adhabu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akifanya hivyo kila asubuhi, na alifanya kwa uvumilivu ambao mimi nisingekuwa nao.

Na kwetu ni Iringa. Kila Desemba tunapanda, na Desemba kule ni mvua. Lami inaisha, inabaki barabara ya udongo mwekundu kwenda kijijini, yenye mifereji iliyochimbwa na maji. STI ina uwezo mkubwa kwenye udongo kuliko watu wanavyodhani, magurudumu yote manne yanavuta, lakini uwezo huo hauna maana kama tumbo la gari limekalia katikati ya barabara na matairi yananing'inia. Forester XT ina milimita 220 kutoka ardhini hadi tumboni. Kwangu hiyo ndiyo namba muhimu kupita zote nilizozitaja hapa.

Nilipoamua kuuza, nilipewa ushauri na kila mtu. Wengi walisema Harrier. Ninaiheshimu Harrier, ndiyo gari ambalo Dar imelichagua, spea zake ziko kila kona, na ile ya tabo ya mwaka 2017 ina farasi 231. Lakini nilipoiendesha ya rafiki yangu niliona ni sebule nzuri inayotembea, na mimi sikuwa natafuta sebule. Prado ni gari la heshima, ila ni zito, na kwa fedha niliyokuwa nayo ningepata lililochoka. X-Trail GT na Vanguard ya V6 zilinivutia, lakini zote zimezeeka na spea za injini zake za pekee zinasumbua. Forester STI ya 2004 ningeichukua nimefumba macho kama ningeiona nzima. Sikuiona nzima.

Forester XT ya kizazi kilichoanza mwaka 2012 ina jambo moja ambalo linanifurahisha mpaka leo: haijionyeshi. STI ina lile pua kubwa juu ya boneti la kuingiza hewa, na bawa nyuma. XT hii haina pua. Hewa ya kupoza inaingia kwa mbele, kwenye grili, na kupita kwenye njia iliyofichwa chini ya boneti. Tabo imewekwa chini kabisa ya injini, upande wa mbele. Ukiiona imepaki shuleni kati ya Forester za kawaida huwezi kuijua kwa haraka. Kwa mtu aliyezoea kufuatwa na vijana kwenye taa za barabarani wakitaka mashindano, huo ni utulivu wa thamani.

Ununuzi nitaueleza kwa undani kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia. Nilikataa magari matatu kabla ya hili. Moja lilikuwa linang'aa, limepakwa nta, usukani umevishwa ngozi mpya. Kilomita zilizosomeka zilikuwa chache mno. Nikaomba karatasi ya mnada ya Japani. Dalali akasema imepotea. Karatasi ya mnada inaonyesha daraja la gari, kilomita, na kila mkwaruzo uliowekewa alama. Daraja la R kwa kawaida ni gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Muuzaji asiye nayo huenda ni mkweli, lakini mimi sinunui ukweli wa kuambiwa.

Hili nililolichukua nilikwenda nalo kwa fundi wangu kabla ya kutoa hata shilingi. Fundi huyu amefungua injini za Subaru kwa miaka mingi, na ana utaratibu. Aliliagiza lilale pale usiku mzima ili injini ipoe kabisa. Asubuhi alivuta kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakipeleka kwenye mwanga, akanusa. Akakirudisha na kukivuta tena. Ndipo akaniambia niwashe. Yeye hakuangalia injini. Alisimama nyuma, mkono umekinga mdomo wa egzosi, akasikiliza. "Kaka, acha izunguke yenyewe, usikanyage," akasema. Baadaye akaingia chini na taa ya simu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa vifuniko vya silinda, kushoto na kulia, maana injini iliyolala ubavu ikianza kuvuja oili inaanzia huko. Kidole kilitoka na vumbi kavu. Akaniita nije nilione vumbi lile kwa macho yangu. Halafu tukaenda kuliendesha, madirisha yote yameshushwa, redio imezimwa, tukisikiliza beringi za magurudumu ya nyuma na bushi za mbele. Bushi zilikuwa zimekwisha. Tukazitoa kwenye bei.

Sasa niseme linavyoendeshwa.

Ukilianzia kwenye foleni, tofauti inaonekana kabla hujatoka mtaani. Unagusa kidogo, nguvu ipo. Hakuna kusubiri. Ile 2,000 niliyoitaja ndiyo kasi ambayo injini inazunguka katika maisha ya kawaida ya Dar, na nguvu yote ya toki iko pale inakusubiri. Katika STI nguvu ilikuwa ghorofani na ilinibidi nipande kuifuata. Kwa maisha yangu ya kila siku, nasema bila kusita, hili ndilo gari lenye kasi zaidi kati ya hayo mawili, ijapokuwa kwenye njia tupu STI ingeliacha mbali.

Safari ya Iringa ndiyo ilinipa jibu kamili. Unapita Chalinze, Morogoro, halafu barabara inaingia ndani ya Hifadhi ya Mikumi na kukatiza katikati yake. Pale kuna matuta na vibao vya mwendo, na ukigonga mnyama unalipa kwa kadiri ya mnyama. Ni haki kabisa. Tulipokuwa na STI watoto walikuwa wanaona nyasi. Safari hii, kwa kuwa viti viko juu, waliona twiga, pundamilia na kundi la swala lililokuwa limesimama kando ya mtaro, na binti yangu alitaja kila mmoja kwa jina lake kwa sauti. Mke wangu, ambaye hapendi mambo ya magari hata kidogo, alisema, "Kumbe hifadhi iko hapa siku zote."

Baada ya Ruaha Mbuyuni unafika Kitonga. Anayeijua Kitonga anajua: mlima umekaza, kona zimebana, malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukingo upande mmoja na bonde upande wa pili. Mimi Kitonga sipitani na mtu kwenye kona hata kama nina farasi elfu. Unakaa nyuma ya lori, unaacha nafasi, unasubiri. Dereva wa lori akipata mahali pa kujisogeza anakuwashia indiketa, na hapo una sekunde chache za kupita salama. Katika STI sekunde hizo zilianza kwa kushusha gia, kutoka ya tatu kwenda ya pili, kusubiri tabo ikusanye pumzi, ndipo uondoke. XT inaondoka mara moja, imejaa watu wanne na mizigo, kupanda mlima, bila kelele. Tena kadiri unavyopanda hewa inazidi kuwa nyepesi, Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kawaida inapoteza nguvu waziwazi. Tabo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Ndiyo sababu ninasema kwa mtu anayesafiri nyanda za juu, tabo kwenye gari la familia ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la raha.

Kijijini nilibonyeza kile kitufe cha X-MODE, cha njia zinazoteleza, mara moja tu, kwenye mteremko wa udongo uliolowa, na gari likashuka taratibu lenyewe likishika breki gurudumu kwa gurudumu. Mama alikuwa kiti cha mbele. Alipanda mwenyewe, akashuka mwenyewe. Kiti kiko usawa wa nyonga yake.

Lakini kuna nilichokipoteza, na sitakizunguka. Gia. XT hii ina gia ya oto ya cheni, ile isiyo na hatua, na hakuna ujanja wa mhandisi utakaoifanya iwe gia sita za mkono. Kuna kitufe kwenye usukani cha kuchagua tabia ya injini, chenye hali tatu. Ya kwanza ni ya upole mno, gari linakuwa zito wa kuelewa. Ya pili ndiyo ninayoitumia siku nyingi. Ya tatu, kali kuliko zote, inaigawanya oto ile katika hatua nane za kuigiza gia, na inafurahisha, lakini mkono wa kushoto unajua kwamba hauna kazi. Kuna asubuhi unatafuta gia isiyokuwepo. Stelingi nayo ni ya umeme, nyepesi, na haileti habari za barabara kama ile ya zamani. Kwenye kona bodi inalala, ni gari refu na zito zaidi. Nimefunga stabilaiza nene ya nyuma, kile chuma kinachopunguza bodi kulala, na matairi mazuri ya ukubwa wake wa kiwandani, 225/55 inchi 18, na limebadilika sana, lakini halijawa STI. Halitakuwa. Rimu zangu za zamani nilizozipenda hata hazikuingia, maana nati za STI ile zimekaa kwenye duara la milimita 114.3 na za Forester ni 100.

Upande wa matunzo, watu wanadhani gari la familia ni nafuu. Si nafuu sana. Mafuta linakunywa kidogo kuliko STI, hasa safari ndefu, lakini ni tabo bado. Injini hii ina cheni ya taimingi, kwa hiyo umeachana na ule mkanda wa STI unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Badala yake inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na injini za namna hiyo hukusanya masizi kwenye valvu za kuingiza hewa, kwa sababu hakuna petroli inayopita pale kuziosha. Inabidi zisafishwe baada ya muda. Oili nabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, maana kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya foleni na joto la Dar. Oili ya gia pia nabadilisha, ijapokuwa wapo watakaokuambia haiguswi maisha yote. Maisha yote ya nani? Petroli naijaza kwenye vituo ninavyoviamini, ya oktani ya juu inapopatikana, kwa kuwa injini ilipangwa kwa petroli bora ya Japani. Plagi, kama kwenye Subaru yoyote, zimetazama pembeni zikibanwa na fremu, na fundi asiyezijua atakulipisha siku nzima.

Faini zangu za mwendo zimekwisha kabisa. Vijijini ni kilomita 50 kwa saa, trafiki na tochi yake ya kupima mwendo yuko chini ya mwembe, na kila kosa ni shilingi 30,000. STI ilikuwa inanivuta mguu, kwa sababu chini ya mwendo fulani haikuwa na la kukuambia. XT ina raha hata kwenye 50, na nadhani hilo ndilo jambo ambalo sikulitarajia kuliko yote.

STI imeenda kwa kijana wa Morogoro, fundi umeme, hajaoa, anaijua gari nati kwa nati. Alikuja na tochi yake mwenyewe na akakaa chini ya gari saa nzima kabla hata hajaomba kuliwasha. Nilifurahi kumuuzia yeye.

Kwa anayefikiria njia hii, aangalie kalenda. Forester ya XT yenye farasi 280 ilitengenezwa mpaka mwaka 2018. Kizazi kilichofuata kilianza bila tabo, na ilipotolewa Forester Sport ya tabo Japani mwaka 2020 ilikuwa lita 1.8 yenye farasi 177. Ni gari zuri kwa mtu mwingine. Kwa aliyetoka kwenye STI, dirisha ni lile la 2012 hadi 2018, na zenye karatasi safi ya mnada zinazidi kupungua. Tafuta ya kuanzia mwisho wa 2015, ilipofanyiwa maboresho, lipia usiku mmoja wa kulilaza gereji, na mpigie fundi simu kabla ya kumpigia dalali.